Subira ya Usiku na Ukali wa Asubuhi



Jee, umepata kujiuliza kwa nini mtu huyo huyo mmoja huwa mpole usiku na mkali asubuhi? Sisemi habari ya ugomvi wala ya hasira. Nasema habari ya hukumu: zile hukumu ndogo ndogo tunazozitoa kila siku, mume na mke tukiwa tumekaa pamoja, juu ya watu ambao hawapo mbele yetu kujitetea. Wengi wetu twazihesabu kuwa ni mazungumzo tu ya kupitisha wakati. Mimi nami nilikuwa nikidhani hivyo, mpaka siku zile nne nilizolala kwa jamaa zangu huko Shirimatunda.

Shirimatunda ni kata mojawapo ya Manispaa ya Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro. Mwenyeji wangu ni mtu wa Tanga aliyepelekwa huko na kazi, na mkewe ni Mchaga wa Machame. Ni watu wa swala, wakarimu, na wanapendana. Nayasema haya mwanzo kabisa ili usije ukadhani kwamba nakuhadithia habari za watu wabaya. Jambo ninalotaka kulieleza huwafika watu wema, na kwa hiyo laweza kutufika mimi na wewe.

Ilikuwa mwezi wa Julai, na baridi ya huko mwezi huo mtu wa pwani haizoei. Usiku, baada ya swala ya Isha na chakula, watu wote wa nyumba walikuwa wakikusanyika mbele ya televisheni kutazama tamthilia, moja ya hizi za nchi za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mlikuwamo mama mkwe aliyekuwa akimtesa mke wa mwanawe kwa maneno na kwa vitendo. Mume akasema, "Huyu mama hana hata chembe ya imani. Mimi ningemtoa nyumbani leo leo." Mke akamjibu kwa upole, "Usimhukumu upesi, bwana wangu. Umesahau alivyofiwa na mumewe angali na watoto wadogo? Umesahau ndugu wa mume walivyomnyang'anya nyumba? Amekwisha nyang'anywa mara moja, sasa anaogopa kunyang'anywa na mtoto." Mume akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kweli, mama watoto. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka."

Nikafurahi moyoni. Nikasema, hii ndiyo nyumba ya insafu. Mume ametoa rai, mke ameipinga kwa adabu, na haki ilipodhihiri, mume hakuona haya kuikubali. Ni wangapi wanaoweza hayo?

Asubuhi yake tukatoka. Kwa kuwa wote wawili huwahi kazini, nyumba ile mara nyingi haipiki chakula cha asubuhi, bali hununua njiani. Basi tukawa twatembea, nami naelezwa kibanda kimoja kimoja. Wa kwanza, nikaambiwa, supu yake ya mbuzi ni maji ya kunawia. Wa pili mtori wake ni mzuri sana, mzito, nyama haina choyo, lakini mwenyewe ana kiburi, salamu humtoka kwa taabu. Wa tatu alikuwa mama mmoja aliyekaa na jiko lake la mkaa na karai, akiuza uji na maandazi. "Huyu," akasema mwenyeji wangu akicheka, "twamwita Mama Mawe. Kwetu Tanga andazi kama hili hata kuku hapewi." Mkewe akacheka. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nikacheka.

Siku ya tatu mtoto wao mdogo alitumwa maandazi, nami nikafuatana naye kujinyoosha miguu. Tulipofika, mtoto akasimama kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama. Nipe mawe manne."

Hakukusudia ubaya wowote. Hilo ndilo jina alilolisikia nyumbani, akadhani ndilo jina la kitu chenyewe. Yule mama akamtazama, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Marahaba, mwanangu." Akahesabu maandazi manne, akayafunga katika karatasi ya gazeti, akarudisha chenji. Nilipokosa pa kuuficha uso wangu, nikamwuliza kuhusu baridi. Akasema, "Baridi hii, baba, unga hauumuki. Naukanda usiku, naufunika khanga na blanketi juu, na saa kumi za alfajiri bado umelala."

Msomaji wa pwani, wewe unayejua kukanda unga wa mahamri, utalifahamu jambo hili kuliko mimi. Hamira hutaka joto. Mombasa, Tanga au Unguja, unga ukiuacha kidogo tu hupanda wenyewe, na aliyeukanda akajisifu kwamba ana mkono mzuri, kumbe nusu ya sifa ni ya hali ya hewa. Chini ya mlima, mwezi wa Julai, mikono ile ile hutoa andazi gumu. Kadhalika ukiuliza kwa nini huko hupati mbaazi za nazi kama za kwenu, jibu si kwamba watu hawajui kupika. Mnazi ni mti wa joto la pwani, na nazi hupanda huko kwa gari, ikifika imekwisha kuwa ghali. Neema ya huko ni ndizi, na mtori hutokana na ndizi. Mwenyeji wangu alikuwa amekaa Moshi miaka mingi, na hakuna siku aliyoliwaza hilo. Alikuwa akilipima andazi la Shirimatunda kwa mizani ya Tanga.

Basi hapa ndipo swali letu lilipo. Kwa nini watu hawa hawa, ambao usiku walimtafutia udhuru mama mkwe wa televisheni, asubuhi hawakumtafutia udhuru muuza maandazi?

Nadhani sababu ni hii. Mama mkwe yule walionyeshwa habari zake za nyuma. Mtunzi wa tamthilia aliwapeleka mpaka chumbani mwake, wakamwona akilia peke yake. Kila jambo baya alilolitenda walikuwa wamekwisha ijua chemchemi yake. Lakini muuza maandazi walimwona sehemu moja tu ya maisha yake, ile ya kupokea fedha. Hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha usiku wake, wala jiko lake, wala blanketi analouvulia unga. Kwa hiyo huruma ile ya usiku haikuwa imetoka kwao. Walikuwa wamepewa na mtunzi, wakaipokea. Na huruma ya kupewa huzimika pamoja na televisheni.

Wala sisemi kwamba kutazama tamthilia ni kupoteza wakati moja kwa moja. Wako wasemao hivyo, na wana hoja zao, khasa pale ambapo swala huakhirishwa na watoto huachwa watazame wasiyopaswa kuyatazama. Televisheni si mgeni kwetu. Zanzibar ilianza kurusha matangazo yake, tena ya rangi, tangu mwaka 1973, na Tanzania Bara ikangoja mpaka mwaka 1994. Mwaka 2011 televisheni ya taifa, TBC, ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, juu ya mke kijana aitwaye Mao Doudou na taabu zake za ukweni. Ikapendwa hata Rais Xi Jinping wa China alipohutubia Dar es Salaam, Machi 2013, akaitaja katika hotuba yake. Sasa fikiri, ndugu yangu: familia ya Beijing, ambayo hatutaonana nayo, wala hata haipo duniani ila katika sanaa, tuliijua, tukaihurumia, tukaizungumza mpaka usiku. Na mtu anayetukaangia maandazi kila siku, mwendo wa hatua mia kutoka mlangoni, hatumjui jina lake ila lile tulilomtungia.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila ya mafunzo. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia chakula ila hata mara moja. Akikitamani hukila, asipokitamani hukiacha. Basi. Tazama hekima iliyomo. Chakula hakina masikio, lakini mpishi anayo. Mwenye kukiacha chakula kimya kimya ametumia haki yake, na hakumvunja mtu moyo. Na juu ya kumsema mtu nyuma yake, twajua sote kwamba Qurani imekufananisha na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Ajabu yetu ni kwamba twakataa andazi kwa ugumu, kisha njiani tukaila nyama ya aliyelipika, nayo tukaiona laini.

Huenda msomaji akasema, "Jee, basi mtu asiseme kweli? Kama supu ni mbovu, niwaache wenzangu waumwe matumbo?" La, hasha. Kuna kusema na kusema. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, katika kitabu chake Riyadh al-Salihin, ameeleza mambo sita ambayo kwa sababu yake yafaa kumtaja mtu kwa aibu yake, na miongoni mwake ni kuwahadharisha watu na madhara, na kumshitakia mwenye uwezo wa kuondoa dhulma. Kwa hiyo mwenye kuuza nyama iliyooza atajwe, na afisa wa afya aambiwe. Lakini tujiulize kwa insafu: tulipomwita yule mama "Mama Mawe", tulikuwa twamhadharisha nani, na madhara gani? Andazi gumu haliuwi. Tulikuwa twatafuta kicheko tu. Na lau tungekuwa twataka kheri yake, mtu wa kwanza wa kuambiwa alikuwa ni yeye mwenyewe, kwa faragha na kwa maneno mazuri: "Mama, jaribu kuuweka unga karibu na jiko." Pengine angetushukuru. Pengine angetuambia kwamba amekwisha jaribu.

Pia msidhani, enyi waume na wake, kwamba rai ya nyumbani hubaki nyumbani. Nyumba ina madirisha, na dirisha kubwa kuliko yote ni mdomo wa mtoto. Mume na mke wakitoa jambo kwa mzaha, mume hulichukua kazini, mke hulichukua kwa mashoga zake, mtoto hulichukua sokoni, na jioni jambo limekuwa jina la mtu. Mwenyezi Mungu amewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenziwe. Vazi kazi yake ni kusitiri. Na katika kumsitiri mwenzako ni kumzuia asilisema neno ambalo kesho litamwaibisha. Mke yule aliweza usiku kumwambia mumewe, "Usimhukumu upesi." Neno hilo hilo lilikuwa ulimini mwake asubuhi, nalo lingetosha. Nami, mgeni, ningeweza kulisema badala yake. Wote watatu tulicheka.

Nilipopita tena Moshi baada ya miezi mingi, pahala pale palikuwa na kijana anayeuza vocha za simu. Nikawauliza wenyeji wangu, nao wakainamisha vichwa. Tangu siku nilipowasimulia habari ya mawe manne, walikuwa wamekusudia kumwendea yule mama na kumwomba radhi. Wakasema kesho, wakasema Ijumaa, wakasema mwisho wa mwezi. Walipokwenda hawakumkuta. Waliwauliza majirani, hakuna aliyejua kahamia wapi, kwa sababu hakuna aliyelijua jina lake.

Sisemi kwamba ni kicheko chetu kilichomwondoa. Wachuuzi huondoka kwa sababu nyingi: mafuta hupanda bei, mtu huugua, mtu huitwa kwao. Huenda amepata pema zaidi, nasi twamwombea hivyo. Lakini hatujui, wala hatuna njia ya kujua, na hapo ndipo penye uzito. Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake, mja akitubia kweli kweli, Mola ni Mwingi wa kusamehe. Ama haki ya mja mwenzio humngoja mwenyewe aiachilie. Utampata wapi mtu usiyemjua jina?

Tangu siku hiyo, mwenyeji wangu aliniambia, wamejiwekea desturi nyumbani kwao. Mmoja akianza kumsema muuza supu, au dereva, au jirani, mwenziwe humwuliza, "Sehemu za nyuma umeziona?" Na yule hucheka, akanyamaza. Rai zao hazikwisha. Bado wanabishana ni mtori wa nani ulio bora, na bado mume hatazami tamthilia mpaka mwisho bila ya kulalamika. Mume na mke wasio na rai hawana mazungumzo, na nyumba isiyo na mazungumzo ni kaburi. Lakini sasa wanabishana juu ya mtori, si juu ya mwenye mtori.

Nawe, ndugu msomaji, kesho utakapotoka kwenda kununua chakula chako cha asubuhi, na ukakiona hakikupendezi, kumbuka kwamba yule aliye mbele yako hana mtunzi wa kukuonyesha usiku wake. Kazi hiyo umeachiwa wewe. Ukiweza, mwulize jina lake. Usipoweza, basi kiache chakula kimya kimya, ushike njia yako.

Mwenyezi Mungu atusitirie ndimi zetu, awape radhi wale tuliowavunja mioyo na hatujui waliko, na atujaalie tuwe na insafu kwa walio hai kama tulivyo nayo kwa wasiokuwapo. Amin.