JE, ASIYE NA DALILI ANA DHIMA?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Kiyama.

Ama baad. Ndugu Waislamu wa Baraka na Fizi.

Chukua mfano huu. Mtu ameamka mzima, ameswali Alfajiri, amekunywa chai yake. Hana homa, haharishi, hatapiki. Ameshuka ziwani, akajisaidia kando ya maji kama wengi wafanyavyo, akaoga, akaenda zake sokoni kuuza ndakala. Siku mbili baadaye mtoto wa jirani, aliyechotewa bidoni ya maji pale pale, anashikwa na kipindupindu usiku na kufa kabla ya Adhuhuri. Je, yule mtu ana dhima yoyote mbele ya Allah? Wengi wenu mtajibu haraka kwamba hana, kwa sababu hakujua. Jibu hilo ni nusu ya ukweli.

Kwanza tulijue jambo lenyewe. Kipindupindu si mgeni kwetu. Ukanda wote huu wa ziwa Tanganyika, tangu Uvira, ukapita Mboko na Baraka mpaka Kalemie, waganga wanauhesabu kuwa ni makao yake ya kudumu. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi hapa Baraka miaka mingi wakitibu watu wake. Tunamjua mgonjwa wake: macho yamezama, ngozi imelegea, sauti imepotea, na maji ya mwilini yanamtoka kama bomba lililopasuka. Tunajua pia kwamba akiwahishwa kituoni, akapewa maji ya chumvi na sukari au akatundikiwa drip, karibu kila mtu anapona.

Lakini yako yasiyojulikana na wengi. Sehemu kubwa ya watu wanaoingiwa na vijidudu vya kipindupindu hawaugui hata kidogo, au wanaharisha kidogo tu kama mtu aliyekula embe bichi. Hata hivyo vijidudu vinatoka katika choo chao kwa siku 1 mpaka siku 10. Na katika nchi kama yetu, ambako ugonjwa umeweka makazi, watu wazima wengi miili yao imekwisha kujifunza kupigana nao. Ndiyo maana mtoto anaanguka na baba yake anabaki mzima, na pengine ni baba huyo huyo aliyeuleta nyumbani.

Mambo yalikuwa hivyo hivyo kwa korona. Mgonjwa wa kwanza wa Kongo alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Siku chache baadaye Rais Tshisekedi akasimamisha mikusanyiko, na nyumba za ibada zikafungwa mpaka katikati ya Agosti. Mnakumbuka manung'uniko ya wakati ule: mbona tunafungiwa msikiti na sisi tu wazima? Lakini Februari mwaka huo meli ya Diamond Princess ilikuwa imezuiliwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu zaidi ya 3,700. Zaidi ya 700 walikutwa na virusi, na karibu nusu yao, siku waliyopimwa, hawakuwa na dalili yoyote. Watoto wengi duniani waliingiwa na virusi wakaendelea kucheza, huku babu na bibi waliolala nao chumba kimoja wakishindwa kupumua. (Na wale waliotuambia korona ni ugonjwa wa Wazungu na wa watu wa Kinshasa, siku hizi wamenyamaza.)

Sasa turudi kwenye swali letu. Sheria yetu imetenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya: dhambi na dhima. Katika Suratul Ahzab, aya ya 5, Allah ametuondolea lawama kwa tulilokosea bila ya kukusudia. Lakini katika Suratun Nisaa, aya ya 92, aliyemuua Muumini kwa makosa hakuachiwa aende zake na kusema sikujua. Ana kafara, na ana dia ya kuwapa jamaa wa maiti wasipomsamehe. Moyo wake ni safi na bado kuna kitu anachodaiwa. Mimi sisemi kwamba muuza ndakala yule anatakiwa dia. Hakuna kadhi atakayeweza kuthibitisha maji yapi yalitoka kwa nani. Ninalosema ni kwamba kutojua kunamsafisha mtu na kosa la jana. Hakumpi ruhusa ya kesho.

Hapa mwenye elimu atanyanyua mkono. Atasema: Ustadhi, kanuni ya fiqhi ni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtu akiwa katika swala akadhani udhu umetenguka, Mtume (S.A.W.) amemkataza kutoka mpaka asikie sauti au ahisi harufu. Asili ya mtu ni afya. Kwa nini nijishuku ugonjwa nisiouona?

Hoja hii ni nzito na haifai kudharauliwa, kwa sababu bila ya kanuni hiyo tungekuwa watumwa wa wasiwasi. Lakini itazame hadithi nyingine, iliyo kwa Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) amemwamrisha aliyeamka usingizini asitie mkono wake katika chombo cha maji ya udhu mpaka auoshe, na ametoa sababu: mtu huyo hajui mkono wake ulilala wapi. Angalia sababu hiyo vizuri. Mtume hakusema mkono umenajisika. Kwa macho, mkono ule ni safi. Kilichomlazimu mtu kuosha ni kule kutojua kwenyewe! Imam Shafi na wanavyuoni walio wengi wameliona jambo hili kuwa ni sunna, na imepokewa kwa Imam Ahmad kuwa kwa usingizi wa usiku ni wajibu. Hakuna aliyesema halina maana.

Basi hadithi mbili hizi hazigombani. Ya kwanza inamhusu mtu na Mola wake, na kuifuata shaka kungemharibia swala. Ya pili inahusu maji ambayo mwingine pia atayachota, na tahadhari yake ni kumwaga maji kidogo mkononi. Pale shaka inapomgusa mwenzako, na kujikinga kunagharimu kidogo, sheria inakutaka ujikinge. Haikutaki ujiite mgonjwa, wala umwite jirani yako mgonjwa. Inakutaka unawe.

Ukitaka ushahidi zaidi, kumbuka tauni ya Amwas kule Sham, mwaka wa 18 Hijria. Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh akapata habari zake, akashauriana na Masahaba, wakahitalifiana. Abu Ubayda akamlaumu kwamba anakimbia kadari ya Allah, naye akamjibu kuwa anaiacha kadari moja kwenda kwenye kadari nyingine. Kisha Abdurrahman bin Awf akaja na hadithi: tauni ikiwa katika nchi msiiingie, na mkiwa ndani yake msitoke kwa kuikimbia. Sehemu ya kwanza kila mtu anaielewa. Lakini kwa nini mzima naye azuiwe kutoka? Imam Ghazali, katika Ihyaa, ametoa sababu mbili. Moja, wazima wakiondoka wote, wagonjwa watabaki bila wa kuwanywesha maji. Ya pili, ugonjwa unaweza kuwa umekwisha kuingia ndani ya mtu kabla haujaonekana nje. Ameyasema hayo zaidi ya miaka 900 iliyopita, bila ya hadubini.

Nawaomba msiichukue maana hii mkaifanya fimbo ya kuwapigia watu. Kipindupindu kikizuka huku kwetu, vidole vinaelekezwa upesi: ni wale wakimbizi wa Lusenda, ni wale waliokimbia vita juu milimani, ni wavuvi wa Ubwari. Lakini ikiwa anayebeba ugonjwa anaweza kuwa mzima kabisa, basi kwa nini awe mgeni na si wewe? Katika Suratul Hujuraat, aya ya 12, tumekatazwa kukithirisha dhana. Aliye na haki ya kukushuku ni nafsi yako.

Na huyo aliyebainika kuwa anabeba, naye ana haki juu yetu. Kule New York alikuwako mpishi, Mary Mallon, mwanamke mwenye nguvu zake, aliyeambukiza nyumba kadhaa homa ya matumbo bila ya yeye mwenyewe kujisikia mgonjwa. Walimgundua mwaka 1907, wakamtenga kisiwani mpaka 1910, wakamwachia kwa sharti asipike tena. Alirudi kupika kwa jina jingine, tena hospitalini, na mwaka 1915 wakamrudisha kisiwani, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1938. Kurudi jikoni baada ya kuelezwa lilikuwa kosa lake, hapo hakuna udhuru wa kutojua. Lakini pia ulimwambia mtu asifanye kazi pekee aliyoijua yenye ujira mzuri; ulimpa nini badala yake? Ukimwambia mama wa Baraka asiuze chakula siku 10, watoto wake watakula wapi? Hili ni deni la jamaa, na Baitul Mal ya msikiti haiwezi kujitoa.

Limebaki suala la watoto. Mtoto hana kalamu mpaka abaleghe, basi dhima yake inamwangukia mlezi. Wako wanaosema choo cha mtoto mchanga hakina madhara, na wengine wanaitegemea hadithi iliyokuja kuhusu mkojo wa mtoto. Ruhusa ile ni ya mkojo tu, wa mtoto wa kiume asiyekula chochote ila maziwa, kwamba unanyunyiziwa maji na kutosha. Ama choo chake ni najisi kama cha mtu mzima, hata awe anacheka na kunenepa. Akina mama, na akina baba mnaowatuma, maji yaliyofuliwa nepi yamwagwe katika choo, si ziwani wala mtoni, kisha mikono inawiwe kwa sabuni, na jivu kama sabuni imekwisha. Na hapa msikitini, kuanzia Ijumaa hii, maji ya udhu yatamiminwa kwa kata. Hakuna atakayetia mkono ndani ya pipa.

Wallahu aalam.