Saa ya Babu, Meli ya Gavana

Fundi saa wa Mwanga aliifungua saa ya marehemu babu, akaichungulia, akaniuliza: "Mjukuu, nikutolee mtambo huu nikuwekee wa betri?" Bei ingekuwa nusu.

Ni saa ya safari ya Junghans, kiwanda cha Schramberg, Ujerumani, ile inayojikunja ndani ya kikasha chake cha ngozi. Si kitu adimu. Zilitoka kiwandani kwa maelfu. Haina pendulamu, maana pendulamu hutaka ukuta uliotulia, na msafiri hana ukuta. Badala yake kuna gurudumu dogo linalocheza huku na huku kwa springi nyembamba kama unywele, hata behewa likitikisika vipi.

"Aliyeitengeneza alijua kuna siku mtu ataifungua," mzee alisema, akinionyesha skrubu. "Za siku hizi zimebanwa. Ikifa, unatupa."

Nilifurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi.

Sisi wa Kigoma tumelelewa na hadithi ya Liemba. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaja katika masanduku 5,000 hivi, kwa bahari kisha kwa reli, ikaungwa upya hapa na kushushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani walipokuwa wakikimbia, mafundi waliamriwa kuizamisha. Wakaizamisha, ila kwanza waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa.

Tunaisimulia grisi hiyo kwa fahari, kana kwamba wale mafundi ni wajomba zetu. Tunachokiruka ni jina la kwanza la meli: Graf von Goetzen, gavana ambaye utawala wake uliizima Maji Maji kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikawamaliza watu wa kusini. Na grisi haikupakwa kwa ajili yetu. Walitaraji kurudi.

Rafiki yangu mmoja husema kazi safi iliyofanywa kwa ajili ya dhuluma ni sehemu ya dhuluma; meli mbovu ingebeba askari wachache zaidi. Nimejaribu kumpinga kwa Mei 2015, Liemba ilipowavusha maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Akanijibu kwamba sifa hiyo si ya Papenburg. Hapo alinishinda. Mitambo ya mvuke iliyopakwa grisi ilishatolewa miaka ya 1970 ikawekwa ya dizeli, na hakuna aliyesema Liemba si Liemba tena. Walioiweka hai karibu karne nzima ni mafundi wa hapahapa, na majina yao hatuyasimulii.

Kwa hoja hiyo, betri ingetosha. Lakini mzee alikuwa bado ameishika saa kwa vidole viwili, hakutaka kuiweka chini, na nikaona kwamba nusu ile ya bei ingekatwa kwenye kazi yake, si ya Mjerumani. Nikalipa yote.

Siku ya kuichukua aliniuliza airekebishe ya saa ngapi. Kigoma jua huchelewa kwa karibu saa nzima kulinganisha na saa ya taifa, na bibi hakuwahi kuikubali tofauti hiyo: jioni, adhana ya Magharibi ikilia Ujiji, aliizungusha mishale yote miwili mpaka 12. Mjerumani wa watu akawa anasoma jua la bibi.

Nikamwambia mzee tusubiri adhana.