Je, Sheria Yaweza Kufundisha Moyo?

Mgeni afikaye Kilwa Kivinje huonyeshwa mahali paitwapo Mwembe Kinyonga. Huko, mwaka 1895, Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya. Kwa watu waliotawaliwa hivyo, askari alikuwa mtu wa kukimbiwa, wala si wa kukimbiliwa.

Mwaka 2017 hofu ilirudi. Katika Kibiti na Rufiji, jirani na Kilwa, viongozi wa vijiji waliuawa, na tarehe 13 Aprili askari wanane waliviziwa wakapigwa risasi. Nani asiyewalilia? Lakini hofu ni mwalimu mbaya. Humshawishi askari amhukumu mtu kwa kanzu yake, kwa lafudhi yake au kwa kijiji atokacho, kabla hajamwuliza jina.

Katiba yetu, Ibara ya 13, yakataza mtu kubaguliwa na mwenye mamlaka. Ni vyema; lakini kukataza si kufundisha. Wenzetu wa Kenya, katika Katiba yao ya 2010, Ibara ya 244, walikwenda mbele zaidi: waliagiza polisi wafunzwe kuheshimu haki na utu wa watu. Kwetu, mwaka 2023, Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza mageuzi makubwa katika polisi.

Wako wasemao kwamba hiyo ni kazi bure, kwa maana moyo haufundishwi darasani. Askari atapata cheti na kubaki vile alivyo. Neno lao lina nusu ya ukweli. Hakuna sheria iwezayo kumlazimisha mtu ampende mwenzake. Lakini yaweza kumzoeza kusikiliza kabla ya kukamata, kutaja sababu, na kutompiga aliyekwisha kufungwa pingu. Hakuna aliyezaliwa akijua kushika bunduki, alifunzwa. Basi na afunzwe pia kujizuia. Na mafunzo hayo yasipofuatwa na hukumu kwa anayeyavunja, yatakuwa maneno matupu.

Tena tusisahau: askari hakuota kama uyoga. Alikulia barazani petu, akala sinia moja nasi. Hapo alitusikia tukiyacheka makabila ya wengine na kuidharau dini ya jirani. Chuo cha polisi humpokea kijana ambaye nyumba yake imekwisha kumfunda. Sheria na ifanye kazi yake. Lakini, enyi wazazi, samaki mkunje angali mbichi.