Mji wa Kulala na Mji wa Kazi

Vijana wetu wanaopata kazi Chake Chake, wakiwa makarani, walimu, wauguzi au wauza maduka, huuliza swali moja hata kabla ya kupokea mshahara wa kwanza: nikae wapi? Nikae Chake karibu na kazi, au nikae Wete au Mkoani na kupanda gari kila asubuhi? Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa hesabu ya kodi ya nyumba na nauli. Hesabu hiyo ni ya lazima, wala hatuidharau. Lakini twaona kwamba ndani yake mna swali jingine, nalo ni la dhamiri: mtu anadaiwa nini na mji anamolala?

Kwanza tuitazame hali yenyewe. Kisiwa chetu si kikubwa. Kutoka Ras Kigomasha kaskazini hadi mwisho wake wa kusini hakifiki kilomita 70. Chake Chake uko katikati, na huko ziko ofisi nyingi, mabenki na uwanja wa ndege. Wete uko kaskazini, Mkoani uko kusini, na kila mmoja ni mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Chake. Gari za abiria, ambazo kwa miaka mingi watu wamezijua kwa namba, 606 ya Wete na 603 ya Mkoani, humfikisha mtu kwa muda wa saa moja hivi pamoja na kusimama njiani. Kwa hiyo jambo hili lawezekana.

Tena lavutia. Wete umekaa juu ya bandari yake, na mbele yake viko visiwa vidogo. Mkoani umeteremka kilimani mpaka gatini, ambako meli za Unguja hufunga. Wakati wa mavuno karafuu huanikwa majamvini na harufu yake hujaa njiani. Mtoto akipotea njia, mtu wa tatu atakayeulizwa atamjua baba yake. Nani asiyependa kulea watoto mahali kama hapo?

Lakini safari ina bei yake isiyokatwa kwenye tiketi. Saa moja ya kwenda na saa moja ya kurudi, kwa siku 5, ni saa 10 kila wiki. Hizo ni zaidi ya siku nzima ya kazi. Tujiulize ni mali ya nani. Hazitoki kwa mwajiri, kwa maana yeye ataka saa zake zote. Hutoka kwa mke au mume, kwa watoto, kwa wazee na kwa jirani. Mtu huhamia mji mdogo kwa ajili ya watoto wake, kisha huwaona wakiwa wamelala asubuhi, na usiku pia wamelala.

Liko jambo kubwa kuliko hilo. Tunapousifu mji kwa utulivu wake, mara nyingi twasema kana kwamba utulivu ule uliumbwa pamoja na bahari. Sivyo. Utulivu wa mji ni kazi ya watu. Yuko mzee akaaye barazani na kuwakemea watoto wasio wake. Yuko mama anayekwenda kumwogesha mgonjwa wa nyumba ya tatu. Wako wanaompelekea sheha habari ya mfereji uliokatika, na wanaokwenda mikutano ya skuli hata kama mtoto wao si mkorofi. Watu hawa hawalipwi mshahara, na kazi yao haionekani mpaka siku watakapoiacha. Mtu anayekuja kulala tu katika mji kama huo anakula chakula kilichopikwa na wengine, wala haulizi kuni zimetoka wapi.

Jambo hili si la Pemba peke yake. Mwaka 1898 Mwingereza mmoja, Ebenezer Howard, alitoa kitabu kushauri ijengwe miji midogo yenye bustani nje ya London. Mji wa kwanza, Letchworth, ulianza kujengwa mwaka 1903, na wa pili, Welwyn, mwaka 1920. Shauri lake halikuwa kwamba watu walale huko na kufanya kazi London. Alitaka nyumba, viwanda na mashamba viwe pamoja, ili mtu afanye kazi alipo na jirani zake. Miji ile ingalipo na inapendeza, lakini baadhi ya wakazi wake sasa hupanda treni kwenda kazini London. Uzuri ulibaki, ila sehemu kubwa ya nia yake ilipotea. Nasi huku Tanzania twaelekea njia hiyo. Wako wengi wanaolala Kibaha na kufanya kazi Dar es Salaam, na tangu treni ya umeme ilipoanza safari za Morogoro mwezi wa Juni 2024, mtu aweza kutoka chini ya milima ya Uluguru na kufika Dar es Salaam kwa saa mbili hivi.

Wengine watatujibu: nimechoka, nalipa kodi, nanunua dukani, mnataka nini zaidi? Jibu hili lina haki yake. Mtu aliyedamka kabla ya jua hawezi kuombwa nguvu asizokuwa nazo. Wala hatusemi kwamba akaaye Chake ni mwema kuliko asafiriye, kwa maana hata Chake wako watu wasiojua jina la jirani wa ukuta mmoja. Lakini fedha haiwezi kufanya kila kazi. Katika kisiwa hiki, ambacho karibu wakazi wote ni Waislamu, maiti huzikwa siku ile ile ikiwezekana. Mazishi hayangoji gari ya jioni. Mtu akifa Wete asubuhi, jirani yake aliyeko ofisini Chake huenda akapata habari wakati kaburi limekwisha kufukiwa. Sisi Wakristo, tulio wachache, tumesaidiwa sana na jirani zetu katika misiba yetu. Haifai tuwe watu wa kupokea tu. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wasomaji wanakumbuka habari ya Lutu, aliyechagua bonde kwa jinsi lilivyopendeza macho, asiulize kwanza habari za watu wake. Basi twamshauri anayechagua aulize mambo mawili zaidi ya kodi na nauli. Kwanza: ni siku gani katika wiki nitakuwa mtu wa mji huu kweli, si mpangaji wake? Kama ni Jumamosi moja tu, basi iwe Jumamosi yenye kazi ya jirani ndani yake, na vitu vya nyumbani vinunuliwe soko la Wete au la Mkoani, visibebwe kutoka Chake. Pili: mgonjwa akizidiwa mchana, nani atanipelekea habari, nami nitakuja? Asiye na jibu la swali hili bado hajapata mji. Amepata kitanda tu, na kitanda chapatikana hata Chake bila nauli.

Mwenye majibu na aende popote apendapo, tena aende kwa furaha, kwa kuwa miji yetu midogo yahitaji watu wenye elimu na mshahara. Mithali yatuambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wenyeji wetu ni wapole, na huenda wakaona haya kumpa jembe mtu anayerudi usiku amechoka. Yafaa mwenyewe aliombe.