Kuonja Si Kunywa

Mtu akikukaribisha uonje pombe aliyoipika kwa mikono yake mwenyewe, una deni gani kwake: la sifa au la ukweli? Swali hili laweza kuonekana dogo, la wazee wa barazani. Kwangu mimi ni zito kuliko mengi niliyowatungia wanachuo wangu.

Huku Songea kazi ya kupika pombe ni ya akina mama tangu zamani, na wengi hupika ili wauze. Hapa Maposeni tupo pia wastaafu wachache tunaopika kwa kujifurahisha. Tunaloweka ulezi, tunauotesha, tunauanika na kuusaga uwe kimea, kisha tunakichanganya na uji wa mahindi uliopoa. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira huigeuza sukari kuwa kileo. Siku zote hizo mpishi yu karibu na chungu chake, mpaka pua yake inazoea harufu yake. Ndiyo maana humwita mwenzake aonje.

Mila inamtaka mwenye pombe anywe kwanza mbele ya wageni, waone kuwa haina sumu. Kwa tendo hilo anaweka rehani uhai wake. Mwonjaji naye hana cha kuweka rehani ila neno lake.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, mwalimu mwenzangu mstaafu aliniita nionje pombe ya sherehe ya kipaimara cha mjukuu wake. Rangi ilikuwa nzuri na povu zuri, lakini nyuma ya utamu nilisikia harufu ya ukungu. Nikamwuliza habari za mahindi. Akasema yalilowa kidogo ghalani. Nikamwambia, "Mwalimu, pombe hii usimpe mtu." Jioni ile wageni walikunywa soda na togwa, na mwenzangu hakunisemesha hadi mwezi ulipokwisha.

Je, sikupaswa kumhurumia? Mahindi yenye ukungu yaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa kupikia hauimalizi. Nchini Kenya mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125. Hapa kwetu, mwaka 2016, watu 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu yenyewe haina hata harufu. Basi pua inapobahatika kuonywa, ulimi hauna ruhusa ya kunyamaza.

Lakini si kila kasoro ni sumu. Pombe yaweza kuchachuka mno, au kunuka moshi. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba uongo ni kosa hata ukisemwa kwa ajili ya kumwokoa rafiki. Mimi sihitaji sheria kali kiasi hicho. Hujiuliza tu: nimealikwa kunywa, au nimeitwa kuonja? Aliyealikwa kunywa ana deni la shukrani. Akiiona pombe chachu, na anywe kidogo, ashukuru, aende zake. Aliyeitwa kuonja amekabidhiwa kazi. Akisifu asichokipenda, amemwacha mwenzake peke yake na chungu chake, na mwezi ujao atapika vilevile.

Watu wa pwani husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumezoea kumlaumu mgema. Nadhani hatujamtazama vya kutosha yule anayemsifu: huenda aliyaonja maji mapema, akaendelea kusifu kwa kuwa sifa haimgharimu kitu.

Basi, ndugu msomaji, ukiitwa kuonja, nenda mapema, kabla wageni hawajafika. Mwulize mwenzako kwanza alitaka pombe yake iweje. Kisha mwambie ulichokisikia mdomoni, mkiwa wawili tu, na ukubali kwamba huenda siku hiyo hutakaribishwa kata ya pili.