Kula Mkahawani na Murua wa Mtu

Wanavyuoni wa zamani waliuliza swali ambalo leo limerejea kwetu kwa sura nyingine. Mtu alaye chakula chake sokoni, mbele ya macho ya wapita njia, je, murua wake wabaki mzima au huingia kasoro? Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, nao ni 1277 wa Miladi, alilitaja jambo hili katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani yetu wamekisoma na kukisomesha kizazi baada ya kizazi. Alihisabu kula sokoni, pamoja na kutembea kichwa wazi na kukithirisha masihara ya kuchekesha watu, kuwa ni katika mambo yaangushayo murua. Wala jambo hili si dogo kama msikiaji awezavyo kudhani, kwani limo katika mlango wa ushahidi: aliyeangukwa na murua, kadhi hapokei neno lake.

Hapa naomba ruhusa nitoke njiani kidogo. Vijana wetu siku hizi husema "chakula murua" na "nguo murua", wakikusudia kitu kizuri cha kupendeza. Asili ya neno si hiyo. Murua ni ule uungwana wa mtu wa kujichunga na yasiyomfalia mfano wake, hatta watu wakamwamini kwa neno lake na kwa mali yao. Yaonekana neno limeshuka kutoka kwenye mtu likaangukia kwenye sahani. Sina ugomvi na wasemao hivyo, illa nataka msomaji ajue nasema murua upi.

Basi, Imamu mwenyewe hakuufunga mlango. Alisema kuwa murua wabadilika kwa watu, na kwa hali, na kwa mahali. Na waliokisherehi kitabu chake wakazidi kubainisha: mtu wa sokoni, ambaye kazi yake iko huko huko, hana lawama akila huko, wala aliyeshikwa na njaa, wala aliyeingia ndani ya duka akajisitiri. Na sisi wenyewe watu wa pwani twajua vilevile. Muuza kahawa amepita barazani petu na dele lake na vikombe vyake tangu wazee wetu hatujawazaliwa, na watu wazima wenye heshima zao wamekunywa hadharani, wala hapana aliyesema kuwa wamevunja kitu. Lakini chakula cha kushibisha kilikuwa ni cha nyumbani. Mtu wa kheri hakula nje, na mgeni alichukuliwa na mwenyeji akawekewa sinia. Aliyeonekana akila kwenye mabanda ya soko alihurumiwa au alisengenywa, mojawapo ya mawili hayo.

Mambo hayo yamepita. Na kwa kuwa nimeyaona yakipita mbali na kwetu, nitasimulia nilikoyaona.

Nimekaa kwa biashara ya nguo katika mji wa Mhunze, makao makuu ya wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba na ng'ombe. Katika wilaya hiyo hiyo iko Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Na mtu akielekea upande wa machweo ya jua hufika Geita, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi mwaka 2000. Palipo na fedha itokayo ardhini, iwe kwa jembe au kwa sururu, hufika watu wasio na jiko. Mhunze wamefika makarani wa serikali, walimu, madereva, wanunuzi wa pamba, na wachuuzi kama mimi. Na walipofika wasio na jiko, wakafuata wapikao.

Mwanzo ni mama ntilie, na turubai lake na benchi mbili. Jina lake lenyewe ni ombi la mwenye njaa: "Mama, nitilie." Kisha zikaja hoteli zenye viti vya plastiki na televisheni ukutani, kisha mabanda ya chipsi mayai, kisha mahali pa nyama choma ambapo usiku taa huwaka na muziki hulia hatta mtu akadhani yuko Kariakoo. Mtu wa pwani hushangaa kwanza. Hutafuta wali wa nazi asiupate, kwani huko minazi haioti. Hupewa ugali na mlenda, au sato wa Ziwa Victoria, au maziwa ya mgando. Na asubuhi huona wenyeji wanakunywa chai kwa matobolwa, nayo ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Baada ya mwezi mmoja ashazoea, na baada ya miezi mitatu ana meza yake ajulikanayo kuwa ni yake.

Sasa, mwenzetu akiingia katika mkahawa mpya, swali lake la kwanza ni lipi? Huuliza: nani amechinja? Na swali hili ni la haki, kwani chakula cha Muislamu kina sharti zake. Lakini laulizwa katika nchi ambayo swali hilo limekwisha kumwaga damu. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuzwa watu ulifika hadi ya kuuawa mchungaji mmoja wa Kikristo. Ni aibu kubwa kwa kila aliyeinua mkono siku ile. Mtume (S.A.W.) aliletewa khabari ya watu wanaoletewa nyama wasijue kama imetajiwa jina la Mwenyezi Mungu au la, naye hakuwaamrisha wafanye upelelezi wala wagombane, bali aliwaambia walitaje wao wenyewe kisha wale. Atakaye kuuliza na aulize kwa adabu. Akitosheka ale, asipotosheka anunue mayai.

Swali la pili, la kukaa meza moja na walevi, hilo halina mjadala. Tumekatazwa, na mahali pa nyama choma aghlabu ndipo palipo na bia. Anayekwenda huko ajua anakokwenda.

Niliyoyakusudia si hayo. Nimewaona watu wetu Mhunze, watu wa Tanga na Bagamoyo na Unguja, wakiuliza juu ya kisu kwa bidii kubwa, na wakisharidhika na kisu wakala kwa raha. Na hapana hatta mmoja aliyeuliza juu ya fedha ile, ni ya nani. Usiku mmoja tulikaa katika hoteli mpya, watu wanne. Mmoja wetu alimwita mwenye hoteli, akahoji habari ya mbuzi yule kwa maneno mengi, akaridhika, akaagiza nusu kilo na ndizi. Nyama ilipoletwa simu yake ikalia mezani. Sote tulilisoma jina, kwani lilikuwa kubwa: ni mama watoto wake. Aliiangalia, akaigeuza kifudifudi, akanyosha mkono kwenye sahani. Ikalia mara ya pili. Hapana aliyesema neno. Na mimi sikusema kwa sababu ninayoijua mwenyewe: yangu nilikuwa nimekwisha kuizima tangu magharibi.

Nilirejea chumbani nikatoa daftari yangu ya biashara, nikafanya hisabu ambayo sijapata kuifanya. Chai na chapati na supu asubuhi, shilingi 2,000. Mchana 4,000. Usiku nyama na soda, 6,000. Hiyo ni 12,000 kwa siku, na kwa siku 30 ni 360,000. Na nyumbani, kwa mke na watoto watatu na mama yangu mzazi, nilikuwa nikituma kwa simu shilingi 100,000 kwa mwezi, tena si kila mwezi. Gawanya laki moja hiyo kwa watu watano na siku 30: hazifiki shilingi 700 kwa kila mmoja. Nilikuwa nikila peke yangu zaidi ya mara tatu ya wanayokula watu watano pamoja, na nikijiona ni mtu niliyehangaika kwa ajili yao.

Ndugu msomaji, tazama sharia yetu isemavyo. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, nafaka ya mke hupimwa kwa hali ya mume: mwenye wasaa mudi mbili kwa siku katika chakula cha nchi ile, mwenye dhiki mudi moja, na wa kati mudi moja na nusu, na juu yake kitoweo. Na isipotolewa haipotei, bali huwa ni deni shingoni mwake, kama deni la mchuuzi. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa ni ipi haki ya mke, aliifungamanisha shibe ya mke na shibe ya mumewe, kwamba alapo mume ndipo mke naye alishwe. Na Hindi binti Utba alipomshitakia mumewe, Abu Sufyani, kuwa ni bahili, aliruhusiwa achukue katika mali yake, bila ya yeye kujua, kiasi cha kumtosha yeye na watoto wake kwa wema. Lakini Hindi alikuwa akikaa nyumba moja na mali hiyo. Mke aliye Pangani, na mali iko Mhunze katika mfuko wa shati, atachukua wapi?

Akinung'unika mke wake, mume hujibu kuwa biashara ni mbaya, pamba haijafunguliwa, hali ni ngumu. Yaani ajidai kuwa yumo katika watu wa mudi moja. Nani atamkadhibisha? Jirani zake wa pwani hawamwoni. Lakini sahani yamshuhudia. Wanavyuoni waliuliza kama alaye sokoni aweza kuwa shahidi; hawakuwa na haja ya kuuliza kwamba chakula chenyewe ni shahidi juu ya mlaji. Mtu anayeagiza nusu kilo ya nyama kila usiku amekiri kwa kinywa chake, tena kwa maana ya kinywa khasa, kuwa ni mtu wa wasaa. Basi na alipe mudi mbili.

Wako watakaosema: msafiri hana jiko, na njaa haina subira, wewe wataka tufe? La. Makafiri wa Makka walimkebehi Mtume kwamba ala chakula na kutembea masokoni, na Kurani ikawajibu kuwa mitume wote wa kabla yake walikuwa hivyo hivyo. Kula ni haki ya mwili. Na Sura ya Nur yaturuhusu kula pamoja au mbalimbali. Mimi siukatai mkahawa. Hatta nasema kuwa murua wa mtu wa Mhunze hauanguki kwa kukaa kwenye benchi la mama ntilie mchana kweupe, na yeyote anayewacheka wakaao hapo na acheke. Kitu kilichoniuma ni kuona kuwa nilikuwa nimejificha. Nyumbani kwetu chumba cha kulia hakina mlango wa kufungwa; mtu hawezi kula nyama huku watoto wake wakila mchicha, kwa kuwa macho yao yako pale. Mkahawa umeyaondoa macho hayo. Zamani watu walichelea kula nje kwa sababu huko wataonekana. Sisi twakwenda kula nje kwa sababu huko wale ambao ingetupasa kuwaonea haya hawatuoni.

Na uko upande mwingine wa mas'ala haya, nao ni daftari la mama ntilie. Anunua unga na mkaa na mafuta kwa fedha taslimu alfajiri, naye hukopesha mchana kwa watu wenye makoti. Nimeliona daftari lake, kwani jina langu lilikuwamo. Majina mengi yalikuwa ya watu wanaolipa taslimu pale hotelini usiku, kwa sababu pale kuna mtu mlangoni na watu wanatazama, na kwake hapana ila mwanamke aonaye haya kudai. Baadhi ya majina yalikuwa ya watu waliokwisha kuhama, wamekwenda Geita au wamerejea pwani. Nilimwuliza huwafanyaje hao. Akasema hukunja ukurasa.

Nililipa langu siku ile ile, lilikuwa shilingi 31,500. La nyumbani sikuweza kulilipa kwa siku moja, wala kwa mwezi mmoja, kwani nilipolihisabu kwa mudi na kwa miezi lilinitisha. Nalilipa kidogo kidogo hadi leo, na mke wangu nimemwambia kuwa ni deni wala si zawadi. Mchana nala kwa mama ntilie. Usiku tumenunua jiko la mkaa na sufuria, mimi na wenzangu wawili, nasi twapika kwa zamu na kula sinia moja. Yule wa nusu kilo hakujiunga nasi, wala sikumhimiza, kwani simu yangu mimi nayo ilikaa kifudifudi muda mrefu.

Juzi mke wangu alipiga simu baada ya isha akaniuliza nimekula nini. Nilimjibu: ugali na dagaa. Akaniambia kuwa wao wamekula wali na samaki, na mama amebakisha kichwa cha samaki kwa ajili ya daku.