Je, Ni Haki Kumpima Mtu kwa Karata Alizogawiwa?

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Walimu wetu walitufundisha methali hii ili tuamini kwamba anayejituma hakosi kitu. Lakini methali yenyewe haisemi lolote kuhusu mtu aliyezaliwa mbali na upwa. Katika insha hii nataka kujadili swali hilo: mtu apimwe kwa kile alichopewa mwanzoni, au kwa namna alivyokitumia? Nitaanza na mchezo wa karata, kwa sababu ndiko nilikoanza kulifikiria. Kisha nitafika nyumbani kwetu Rusizi, ambako swali hili liliwahi kuamuliwa juu yangu na dada yangu.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni, mwenzangu wa chumba, kijana aliyekulia Bukavu ng'ambo ya mto kutoka kwetu, alikuja na pakiti ya karata. Sisi wa Kamembe karata si ngeni kwetu. Madereva wa pikipiki huzicheza wakisubiri abiria. Ila yeye alitufundisha poka, ile aina iitwayo Texas Hold'em. Hatukuwekeana pesa. Tuliwekeana punje za mahindi, na aliyeishiwa punje alikwenda kuchota maji.

Kanuni zake si ngumu. Kila mchezaji hugawiwa karata mbili ambazo yeye peke yake anaziona. Baadaye karata tano huwekwa wazi katikati ya meza, nazo ni za wote. Mwenye mkusanyiko bora wa karata tano ndiye mshindi. Lakini kabla ya hizo za katikati kufunuliwa, kila mmoja lazima aziangalie mbili zake na kuamua: aweke punje na kuendelea, au azirudishe kifudifudi na kujitoa. Mwenzangu aliniambia kwamba wengi hupoteza mchezo hapo hapo mwanzoni, kwa kung'ang'ania karata ambazo wangepaswa kuzitupa.

Nilipenda hesabu yake. Pakiti ina karata 52, kwa hiyo jozi za mwanzo zinazowezekana ni 1,326. Ukijali tu kama karata hizo mbili ni za alama moja au za alama tofauti, bila kuuliza kama ni kopa, uru, pau au shupaza, aina zinapungua hadi 169. Iliyo bora kuliko zote ni ree mbili. Hiyo huja kwa wastani mara moja katika migao 221. Iliyo mbaya, kwa maoni ya wachezaji wengi, ni saba na mbili za alama tofauti. Ni ndogo zote, haziwezi kuingia pamoja katika mfuatano mmoja wa karata tano, na kwa kuwa ni za alama tofauti hazisaidiani kupata tano za alama moja. Wataalamu kama David Sklansky wa Marekani waliandika vitabu wakizipanga karata za mwanzo katika makundi, ili mchezaji ajue mapema zipi za kushika na zipi za kutupa.

Usiku mmoja niligawiwa saba na mbili. Nikazitupa kama nilivyofundishwa. Katikati zikafunuliwa saba mbili na mbili moja. Ningeshinda punje zote za chumba! Wenzangu walicheka sana, nami nilijuta. Mwenzangu wa Bukavu peke yake ndiye hakucheka. Alisema, "Ulifanya sawa. Ukipewa tena saba na mbili kesho, tupa tena." Maana yake ni kwamba uamuzi hupimwa kwa kile mtu alichokijua alipoamua, si kwa kilichotokea baadaye.

Kauli hiyo ilinikaa kichwani. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika kuhusu jambo hili mwaka 1976, kila mmoja kwa upande wake. Walionyesha jinsi tunavyomsifu au kumlaumu mtu kwa mambo ambayo kwa sehemu kubwa yaliletwa na bahati: alivyozaliwa, mahali alipojikuta, na matokeo asiyoweza kuyazuia. Mezani tunakubali haraka kwamba bahati si kosa la mtu wala si sifa yake. Hakuna anayemwita mwenzake mvivu kwa sababu amegawiwa saba na mbili. Lakini tukiinuka mezani tunasahau.

Sasa nije nyumbani.

Januari 2017 matokeo ya mitihani ya taifa yalipotoka, mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na dada yangu alikuwa amemaliza mwaka wa tatu wa sekondari. Mama yetu alikuwa na meza ya nyanya na vitunguu, na baba alikuwa ameshafariki. Mimi nilipata alama za juu na nafasi katika shule ya bweni. Dada alipata alama za wastani. Pesa zilizokuwepo zilitosha godoro, sare na ada ya mtoto mmoja, na meza ya nyanya ilihitaji mikono. Namkumbuka mama akiwa amekaa jikoni na karatasi mbili, akiitazama hii, kisha ile, kisha hii tena. Hakusema kitu usiku ule. Asubuhi akaniambia, "Mwanangu, jiandae."

Mimi nilikwenda bweni. Dada alianza kuvusha nyanya kwenda Bukavu, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi yake.

Je, mama alikosea? Kwa kanuni ya mwenzangu wa chumba, hakukosea. Alitazama alichokuwa nacho mkononi na akaweka punje zake palipokuwa na matumaini zaidi. Na kweli matumaini hayo hayakumwangusha, maana leo niko chuo kikuu. Kwa miaka mingi hilo lilinitosha. Nilijiambia kwamba nilisoma kwa bidii na nikachaguliwa.

Likizo iliyopita nilimweleza dada mchezo wa poka tukiwa tunapanga nyanya katika makreti. Nilimwambia kwamba ree mbili zikikutana na saba na mbili, hizo saba na mbili hushinda kama mara 12 tu katika 100. Kabla sijamaliza akasema, "Kama mara moja kwenye nane hivi." Nilishangaa, ingawa sikupaswa kushangaa. Dada hubadilisha faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola kichwani mwake, huku mteja anapiga kelele na foleni ya mpakani inasogea. Kisha akaniuliza, "Na ukizitupa unapewa nyingine?"

"Ndiyo, mgao unaofuata."

"Basi huo mchezo ni wa watu wenye nafasi, mdogo wangu."

Nadhani katika sentensi hiyo dada alisema jambo ambalo vitabu vya karata havisemi. Orodha ya karata za mwanzo ni ya haki kwa sababu migao ni mingi. Anayetupa saba na mbili sasa hivi atapata nyingine dakika mbili baadaye, na akicheza muda mrefu wa kutosha bahati itawazungukia wote mezani. Mtu hugawiwa mara moja tu. Ukimtupa, hakuna mgao wa pili ambao yeye atarudi akiwa ree. Hesabu inayomfaa anayeshika karata haimfai karata yenyewe, na dada yangu usiku ule hakuwa mchezaji, alikuwa karata.

Kuna tofauti ya pili, nayo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Karata hazidaiani. Saba haikuwa saba kwa sababu ree ilikula sehemu yake. Lakini mwaka ule wa mtihani mama aliugua kwa muda mrefu, na aliyesimama mezani sokoni kila jioni alikuwa dada. Aliyepika alikuwa dada. Mimi nilisoma chini ya taa ambayo mafuta yake yalinunuliwa kwa nyanya alizouza yeye. Karatasi mbili alizozishika mama hazikuwa zimetoka katika pakiti moja iliyochanganywa vizuri. Alama zake za wastani na alama zangu za juu zilitengenezwa katika nyumba ile ile, na kwa sehemu hizi zilitokana na zile.

Mtu anaweza kunijibu kwamba sasa ninamlaumu mjane maskini kwa kutokuwa na pesa za watoto wawili. Hapana. Mwenye kidogo hana budi kuchagua, na anayechagua hana budi kupima. Daktari mwenye kitanda kimoja hupima. Mkulima mwenye mbegu chache hupima. Sidai kwamba kupima ni dhambi. Ninachodai ni kwamba baada ya kupima kuna deni, na deni hilo poka haliijui.

Mfano mwingine uko karibu nasi. Katika nchi yetu kaya zimewahi kupangwa katika makundi ya Ubudehe kulingana na hali zao za maisha. Yale yaliyoanza kutumika mwaka 2015 yalikuwa manne. Huko nako ni kupima karata za mwanzo. Wapo waliolalamika kwamba wamewekwa kundi lisilo lao, na nimewahi kumsikia mtoto akitaniwa kwa namba ya kundi la kwao, jambo ambalo ni baya. Hata hivyo, tazama upande ambao kipimo kile kiliuelekea. Kaya za kundi la kwanza, zilizo maskini zaidi, ndizo zilizolipiwa bima ya afya na serikali. Mchezaji wa poka huisoma karata dhaifu ili aiache. Mpango ule uliisoma ili iongezewe. Tendo la kusoma linafanana, lakini nia ni kinyume kabisa.

John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki, anatutaka tujiulize ni kanuni gani tungezikubali kama tusingejua tutazaliwa tukiwa nani. Nimejaribu kuliweka swali hilo katika jiko letu. Kama mimi na dada tungeulizwa kabla ya kujua nani atakuwa nani, je, tungekubali kwamba mwenye alama bora aende shule? Nadhani tungekubali, kwa kuwa pesa zilikuwa za mmoja. Lakini tusingekubali kanuni hiyo iishie hapo. Tungeongeza: atakayekwenda asiseme kwamba alikwenda kwa nguvu zake, na atakapofika arudi. Bila sharti hilo, hakuna mwenye akili timamu ambaye angekubali kukaa mezani.

Nilimuuliza mama kama anajuta. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Nilichagua kwa nilichokiona. Ila sikumwambia dada yako kwamba nilichagua. Nilimwacha aone kama mambo yalitokea yenyewe." Nilimwelewa, kwa kuwa nami nilifanya hivyo hivyo. Kwa miaka minane nilizungumza kuhusu shule yangu kama vile ilitokea yenyewe.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kumpima mtu kwa karata alizogawiwa si haki, ikiwa kipimo hicho ndicho neno la mwisho juu yake. Kumpima ili ujue aongezewe nini, au ili ujue unamdai nani na nani anakudai, ni haki, na hata ni wajibu. Waswahili husema Mungu hamtupi mja wake. Sisi binadamu, tukiwa na mkono mdogo, wakati mwingine tunalazimika kuweka mtu chini ili tumwinue mwingine. Tukifanya hivyo, jambo la kwanza tunalodaiwa ni kusema wazi kwamba tulifanya, na la pili ni kutomwita yule tuliyemweka chini kwa jina la saba na mbili.

Nilimwambia dada siku ya mwisho ya likizo, tukiwa njiani kuteremka kutoka Kamembe kwenda mpakani, yeye na beseni lake kichwani. Nilimwambia kwamba najua mafuta ya taa yalitoka wapi. Hakulia wala hakunikumbatia. Aliuliza nitamaliza chuo mwaka gani. Nikamtajia. Akahesabu kimya kimya, kisha akasema kwamba yeye anataka kumaliza sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, na ameshauliza gharama zake.

Nimeiandika gharama hiyo nyuma ya daftari langu la falsafa. Sijui kama alama zake zitakuwa nzuri. Safari hii sitazisubiri ndipo niamue.